Miezi Kumi na Minne kabla ya Aconcagua

Mara ya kwanza nilipoisoma ratiba ya kupanda Aconcagua niliihesabu mara mbili, nikidhani nimeruka mstari. Siku 18. Nyingine ilikuwa ya siku 20. Sisi Kilimanjaro tunampandisha mgeni kwa siku sita au saba, na jioni ya siku ya mwisho yuko Moshi anaoga maji ya moto.

Wakati huo nilikuwa na miaka 11 mlimani: mitatu ya kwanza nikibeba mizigo na wagumu wenzangu, iliyobaki nikiongoza wageni. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895. Aconcagua, kule Argentina, una mita 6,961, na ndio mlima mrefu kuliko yote iliyo nje ya bara la Asia. Hiyo nyongeza ya mita elfu moja na ushee haikunitisha. Zile siku ndizo zilizonikosesha usingizi, hadi nilipouliza nikaelewa. Kwenye mita 5,500 mgandamizo wa hewa ni nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inakupa nusu ya oksijeni ambayo ungeipata Dar es Salaam. Kimo hicho sisi tunakipita usiku tukielekea Stella, kituo kilicho ukingoni mwa kreta, na kabla ya adhuhuri tumeshashuka chini yake. Aconcagua, kambi ya Nido de Cóndores iko kwenye kimo hichohicho, na watu wanapiga hema hapo, wanapika, wanalala, wanangoja upepo utulie. Kibo, kilele chetu cha Kilimanjaro, ilikuwa imenifundisha kupanda na kushuka. Kukaa juu sikujua. Miezi 14 iliyofuata niliitumia kujifunza kukaa.

Tulikuwa wanne, na idadi hiyo tuliichagua kwa makusudi. Mimi, kaka mmoja niliyeanza naye kubeba mizigo, na ndugu wawili wa Nairobi, kaka na dada yake, ambao niliwahi kuwaongoza Kibo. Sheria ya kwanza tuliyoiandika kwenye daftari ilikuwa hii: anayeugua anashuka siku hiyohiyo, na hashuki peke yake. Mkiwa watatu, mmoja akiugua na wa pili akimsindikiza, wa tatu anabaki peke yake kwenye mlima asioujua. Mkiwa wanne wanabaki wawili.

Msimu nao tuliujadili sana. Vibali vya kupanda hutolewa kuanzia Novemba, kiangazi cha kule kusini, na wengi huenda Januari wakati hali ya hewa ni nzuri zaidi. Lakini Januari ndiyo kazi yetu inapochanganya huku Kilimanjaro, na kwa mtu anayeishi kwa mshahara wa safari, kukosa Januari ni kukosa ada ya watoto. Novemba kuna mvua za vuli na wageni ni wachache. Tukaamua kuondoka mwisho wa Novemba, tukijua baridi itakuwa kali zaidi, ila kibali kina nafuu na tungerudi kabla ya Krismasi. Krismasi kwetu ni siku ya ukoo mzima kukutana kihambani, kwenye shamba la ukoo, na sikutaka mama anitafute kwa macho nisionekane.

Viza haikuwa ngumu kama nilivyoogopa. Niliiombea kwenye ubalozi wa Argentina ulioko Nairobi, nikapanda basi la kupitia Namanga nikiwa na barua ya wenyeji wetu wa Mendoza, mji wa karibu na mlima, waliotukodishia nyumbu, taarifa ya benki ya miezi sita na kadi yangu ya homa ya manjano.

Bima ndiyo iliyokaribia kutuangusha. Wakala alituhakikishia kwa mdomo kwamba inahusu milima yote, tukalipa. Usiku mmoja, wiki kama tano kabla ya safari, niliamua kuisoma karatasi yote, ukurasa kwa ukurasa. Karibu na mwisho, kwa herufi ndogo, ikaandikwa kwamba fidia ya uokoaji inaishia mita 4,500. Kambi kuu ya Plaza de Mulas iko kama mita 4,300. Maana yake, hatua mia chache tu juu ya kambi kuu tungekuwa hatuna bima. Niliwapigia wenzangu usiku uleule. Fedha zote hazikurudi. Tulitafuta nyingine iliyotaja mita 7,000 na helikopta kwa maandishi, na hiyo ilitugharimu zaidi ya tiketi ya ndege ya Buenos Aires kwenda Mendoza. Kama unajiandaa kwa safari ya namna hii, usiridhike na neno “milima”. Tafuta kimo kilichoandikwa kwa tarakimu.

Mwili wangu niliuamini kupita kiasi. Daktari aliponipima damu, wingi wake ulikuwa 11, na kwa mwanamke mzima inatakiwa angalau 12. Nilishangaa, maana sikuwahi kuishiwa nguvu kazini. Akanieleza kwamba huko juu mwili huongeza chembe nyekundu ili ubebe oksijeni hiyo kidogo inayopatikana, na bila madini ya chuma hauna cha kutengenezea. Nilimeza vidonge kwa miezi minne, nikavinywa na maji ya ndimu, nikaacha chai ya kusindikiza chakula kwa sababu inazuia chuma kuingia mwilini. Nilipopimwa tena nilikuwa 13.4. Wanawake wenzangu mnaopanda milima, kapimeni damu mapema, si wiki ya kuondoka.

Kuhusu nguvu, tatizo langu lilikuwa cheo. Kiongozi wa watalii hubeba begi dogo. Mzigo wa kilo 20 ni wa wagumu. Aconcagua nyumbu hubeba mizigo hadi Plaza de Mulas, na kuanzia hapo ni mgongo wako, isipokuwa ukodi wapagazi, na sisi bajeti haikuruhusu. Kwa hiyo nilirudia kazi yangu ya ujana. Kila nilipokuwa nyumbani nilijaza madumu ya maji kwenye begi, kilo 15 mwanzoni, baadaye 22, nikapanda kutoka Marangu Mtoni hadi kwenye geti la hifadhi. Juu niliyamwaga, nikashuka na madumu matupu, kwa sababu magoti huharibikia kwenye mteremko. Watoto wa shule walinizoea, wakawa wananisindikiza hadi kwenye kona ya kanisa.

Kukaa juu nilikufanyia mazoezi kazini. Wageni wakishalala pale kambi ya Barafu, mita 4,673, nilitoka na jiko letu la petroli. Kambi hiyo haina maji. Wagumu huyafuata chini, bonde la Karanga, wakarudi na madumu kichwani. Aconcagua, juu ya kambi kuu, maji mara nyingi ni theluji unayoiyeyusha mwenyewe, lita nne kwa kila mtu kwa siku. Nilijifunza kwamba sufuria ya theluji tupu huungua na maji hunuka moshi, kwa hiyo unaacha maji kidogo chini kabla ya kuongeza theluji. Nilipima pia mafuta: tungehitaji kama lita nne za kupikia kwa siku nane za juu, na zote tungezinunua Mendoza kwa sababu ndegeni haziruhusiwi. Chakula nacho nilikijaribia hapohapo. Vitu nilivyovipenda Moshi havikupita kooni Barafu. Karanga zilinichosha kutafuna. Viazi vya unga vyenye jibini, supu ya chumvi na biskuti vilipita, basi hivyo ndivyo tulivyoviandika kwenye orodha.

Vidole vilinitia hofu kuliko mapafu. Kwenye kilele cha Aconcagua baridi inaweza kufika nyuzi 25 au 30 chini ya sifuri, na upepo huongeza ukali wake. Koti zito la manyoya ya bata nililipata mitumbani, soko la Memorial, baada ya kuzunguka Jumamosi nne. Viatu vya tabaka mbili na kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti, tulipanga kukodi Mendoza, na niliwaandikia miezi mitatu mapema kwa sababu mguu wangu ni namba 38 na maduka mengi ya huko huweka saizi za wanaume. Lakini kuwa na glavu si kujua kuzitumia. Nilinunua barafu kwa muuza samaki, nikaiweka kwenye beseni barazani kwa mama, nikatumbukiza mikono yote miwili kwa dakika mbili, kisha nikavaa glavu nene na kuanza kufunga mikanda ya kramponi za kuazima. Mara ya kwanza nilitumia dakika 11 kwa mguu mmoja. Mkanda uliteleza kwenye kitambaa, nikawa siuoni wala siusikii.

Mama alikuwa anachambua maharage pembeni. “Si uzivue tu, mwanangu, ufunge, halafu uzivae?”

“Mama, kule nikizivua kwenye upepo, vidole vinaweza kufa.”

Aliniangalia kwa muda, akaweka ungo chini. “Basi rudia. Mimi nahesabu.”

Akawa anahesabu kwa sauti kila jioni niliyokuwa nyumbani. Tulipoondoka nilikuwa nafunga miguu yote miwili kwa dakika tatu, macho yamefumbwa.

Ugomvi pekee mkubwa katika kundi letu ulihusu siku za akiba. Nilitaka nne. Kaka wa Nairobi, ambaye ni mhasibu, alipiga hesabu ya likizo, chakula na mahema akasema mbili zinatosha. “Dada, siku nne za kukaa ndani ya hema ni pesa nyingi.” Nilimwambia kwamba upepo wa Aconcagua, ule mweupe wanaouita viento blanco, haujali likizo ya mtu, na kwamba nimeona wageni wakilazimisha Kibo kwa sababu ndege yao ni kesho. Tulibishana wiki nzima. Mwishowe dada yake akauza simu yake nzuri, akasema hiyo ndiyo gharama ya siku mbili za ziada.

Tuliondoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, tukapitia Addis Ababa na São Paulo hadi Buenos Aires, kisha Mendoza. Getini, Horcones, kila mmoja alipewa mfuko wa takataka wenye namba, na namba ikaandikwa kwenye kibali. Usipourudisha unatozwa faini. Mimi nimezoea takataka kupimwa kwa mizani getini kwetu, kwa hiyo nilijisikia nyumbani kidogo.

Ratiba tuliifuata polepole: Confluencia usiku mbili, na mchana mmoja tukaenda kuutazama ukuta wa kusini kutoka Plaza Francia, Plaza de Mulas usiku tano. Madaktari wa hifadhi hukupima kambi zote mbili, oksijeni, mapafu na presha, na wakikukatalia huendi juu. Presha ya kaka tuliyebeba naye mizigo ilikuwa juu mno siku ya kwanza. Alipumzika, akaacha chumvi, kesho yake wakampitisha. Mizigo tuliipeleka juu kwa awamu, tukarudi kulala chini.

Nido upepo ulitukuta. Hema lilikuwa linapiga makofi usiku kucha, na tuliyeyusha theluji kwa zamu. Asubuhi ya pili kaka wa Nairobi alikuwa anakohoa hata akiwa amekaa, na oksimita, kile kipimo cha oksijeni kwenye damu, ikasoma asilimia 61 wakati sisi tulikuwa 75 na zaidi. Nilipofungua daftari hakusubiri nimsomee. “Najua kilichoandikwa,” alisema, akaanza kufunga begi. Dada yake akashuka naye, na jioni redio ikatuambia wamefika Plaza de Mulas na kikohozi kimepungua. Makundi mawili jirani yalishuka pia, ndege zao zilikuwa karibu. Sisi tulikaa usiku mbili zaidi, tukimaliza siku ya nne ya akiba. Siku zile alizoziuzia simu yake ndizo zilizotuweka pale.

Upepo ulipotulia tulihamia kambi ya Cólera, na saa 11 alfajiri tukaanza. Kwenye Independencia nilifunga kramponi nikiwa na glavu, nikimsikia mama akihesabu. Canaleta, ule mfereji wa mawe na theluji chini ya kilele, unafanana na kokoto za Kibo kuelekea ukingo wa kreta pale Gilman’s, hatua moja mbele, nusu nyuma, ila kila hatua ilitaka pumzi tano. Tulikuwa tumeandika kwamba saa 8 mchana tunageuka popote tulipo. Saa 7 na dakika 40 niliugusa msalaba wa juu. Nilimkumbuka Matthias Zurbriggen, wa kwanza kufika pale, tarehe 14 Januari 1897. Naye alikuwa kiongozi wa kukodiwa, na bwana aliyemwajiri, Edward FitzGerald, mlima ulimuumiza akaishia njiani. Kaka yangu alikaa kwenye jiwe akalia bila sauti. Tulikaa dakika 15.

Siku tatu baadaye tulitoka Horcones wote wanne. Mlinzi wa hifadhi akaichukua mifuko yetu, akasoma namba moja moja, akaweka alama kwenye karatasi. Kisha akauliza, “¿Cumbre?” Yaani, mmefika kileleni?

Nilimwonyesha vidole viwili.

Akatutazama tena, akatuhesabu, akatikisa kichwa kukubali, akagonga muhuri.