Ukifika Berlin, Mwanzie Mjusi wa Tendaguru

Mgeni wa siku chache Berlin hupewa orodha ileile na kila mtu: Lango la Brandenburg, Bunge lenye kuba la kioo, mnara wa televisheni pale Alexanderplatz, mabaki ya ukuta uliogawa mji Mashariki na Magharibi. Nimevipitia vyote na sivikatai. Basi namba 100 hupita karibu na vingi kati ya hivyo kwa tiketi ya kawaida ya mjini, kwa hiyo usikubali bei za mabasi ya watalii. Panda pale kituo cha Zoo, ukae ghorofa ya juu, mbele kabisa. Kuingia kwenye kuba ni bure, ila sharti ujiandikishe mapema mtandaoni na uende na pasipoti. Ukuta katazame Bernauer Straße, ambako nyumba zilikuwa Mashariki na njia ya miguu mbele ya mlango ilikuwa Magharibi. Watu waliruka madirishani Agosti 1961 ili tu wafike kwenye njia hiyo, yaani Magharibi.

Lakini kilichonifanya niandike ni Makumbusho ya Viumbe Asilia, mtaa wa Invalidenstraße. Shuka kituo cha Naturkundemuseum, njia ya U6 ya treni ya chini ya ardhi, na usiende Jumatatu maana hufungwa.

Mimi ni mtu wa Lindi. Mjusi wa Tendaguru, yaani yule dinosaria aliyechimbwa kwetu kilimani Tendaguru, nimemsikia tangu shule ya msingi, na nimewasikia wabunge wetu wakimwulizia bungeni. Nilidhani namjua. Unapoingia ukumbi wa kwanza tu, huyo hapo, mita 13.27 kutoka sakafuni hadi utosini. Hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa duniani iliyo mirefu kwenda juu kuliko hiyo. Nilisimama chini ya mbavu zake nikasikia machozi yananilenga, na sioni haya kusema.

Nilikuwa na dada mmoja wa Tanga anayeishi huko, ndiye mwenyeji wangu na mkalimani wangu. Kando yetu walikuja wanafunzi wadogo na mwalimu wao. Mtoto mmoja akauliza nani alimchimba. Mwalimu akamtaja Janensch, mtaalamu wa Kijerumani aliyeongoza uchimbaji kuanzia 1909. Dada aliponitafsiria, nikamwomba: “Dada, waambie na Boheti.”

Mwalimu akageuka, akatukaribisha tuseme. Basi nikasema, na dada akawa anatafsiri. Nikawaeleza kwamba Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi wa wachimbaji, fundi wa kuitoa mifupa kwenye udongo bila kuivunja. Chini yake walikuwapo mamia ya watu wa kwetu, wake kwa waume. Mifupa ilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi, mwendo wa siku nne hivi hadi bandari ya Lindi, msafara baada ya msafara, mpaka 1913. Na miaka michache tu kabla ya hapo Kusini yote ilikuwa imechomwa katika vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, mashamba na maghala yameteketezwa, watu wamekufa kwa njaa. Waliobeba mizigo ile walikuwa wametoka kwenye njaa hiyo.

Mwalimu akaniomba nirudie jina, akaliandika. Watoto wakalisema kwa pamoja, Boheti, vizuri kabisa. Kisha kijana mmoja mwenye miwani akauliza jambo ambalo dada alilitafsiri polepole: “Na watoto wa kwenu wanamwona wapi mjusi huyu?”

Nikamjibu kweli. Kwenye picha.

Jibu lile sijaacha kulifikiria. Wengine hudai mifupa irudi yote, wengine husema haiwezi kusafirishwa tena. Mimi nasema, hata leo kabla ya kumaliza ubishi huo, mtoto wa Lindi anastahili kumwona mjusi huyu kwa kimo chake kamili, walau sanamu iliyotolewa kwenye mifupa yenyewe, na jina la Boheti liandikwe mlangoni kwa herufi kubwa. Pesa ya kiingilio tunayotoa pale Berlin kila mwaka ingetosha kuanzia.

Maana Berlin ni pesa tupu. Kikombe cha kahawa kilinitoka karibu euro nne, fedha ambayo Lindi nakula wali kwa samaki na chenji inabaki. Choo cha kituoni unalipia. Mgahawani maji ya kunywa unalipia. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, kwa hiyo nunua chakula chako Jumamosi.

Siku zilizobaki zilipita haraka. Ukiwa na nafasi, nenda Neukölln, karibu na Hermannplatz, ukaone Lucy-Lameck-Straße. Mtaa huo uliitwa Wissmann, kwa jina la yule afisa wa Kijerumani aliyeivunja vita ya Abushiri pwani yetu. Tangu 2021 unaitwa kwa jina la Lucy Lameck, mama yetu wa Kilimanjaro, mwanamke wa mwanzo kuingia serikali ya Tanganyika huru. Na U6 ileile ya makumbusho itakufikisha Afrikanische Straße. Huko mtaa uliopewa jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani tuliyemwita Mkono wa Damu, una kipande ambacho tangu Agosti 2024 kinaitwa Maji-Maji-Allee. Nenda siku hiyohiyo ya mjusi, ukitoka makumbusho: vituo ni vichache tu.