Etiketi Iliyokataliwa Kadutu

Katika kiangazi cha mwaka 2015 nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa masomo ya kemia, na baba alinituma nikakae kwa shangazi yetu katika komini ya Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, nimsaidie kazi ya sabuni aliyoianza baada ya kuacha ualimu. Ninachotaka kukieleza ni siku moja tu ya kiangazi kile, siku ambayo mfanyabiashara alifika na etiketi zilizokwisha kuchapwa, akataka kununua sabuni zote zilizokuwa zimekauka. Lakini siku hiyo haieleweki vizuri mpaka msomaji ajue kwanza sabuni yenyewe ilipikwa vipi, kwa kuwa jibu alilopewa mgeni yule lilitoka ndani ya chungu.

Maziwa yalitoka Kabare, kwa jamaa aliyefuga mbuzi upande wa Mudaka. Mbuzi wa kwetu ni mdogo wa umbo na hutoa maziwa kidogo, tena akiwa na mwana wa kunyonyesha hubaki kidogo zaidi, kwa hiyo tulikusanya taratibu, tukiyachuja kwa kitambaa cheupe na kuyagandisha katika vifuko kwa jirani aliyeuza vinywaji baridi na aliyekuwa na grupu la umeme, yaani jenereta. Kuyagandisha hakukuwa kwa ajili ya kuyahifadhi tu. Soda kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ikigusana na majimaji hutoa joto kali, na joto hilo likikutana na sukari iliyomo katika maziwa huyaunguza: yanakuwa ya kahawia, yanatoa harufu ya kuchoma pua, na sabuni yote hubeba harufu hiyo. Maziwa yakiwa barafu, joto la soda humalizikia katika kuyeyusha barafu.

Mafuta yalikuwa ya aina tatu. Ya kwanza ni mawese, yale mekundu yanayoletwa kutoka upande wa Fizi kwa mashua za ziwa Tanganyika hadi Uvira, kisha yanapandishwa kwa malori kupitia Kamanyola katika mabidoni ya manjano ya lita 20. Asubuhi za kiangazi cha Bukavu yalikuwa yameganda nusu, ikabidi bidoni lisimamishwe ndani ya beseni la maji ya moto kabla hatujaweza kumimina. Shangazi, aliyekuwa amefundisha historia kwa miaka mingi, hakuwahi kufungua bidoni bila kukumbusha kwamba mwaka 1911 Mwingereza William Lever alipewa na Wabelgiji haki juu ya maeneo makubwa ya michikichi ya nchi hii ili mafuta yake yawe sabuni ng'ambo, na sabuni hiyo iuzwe kwa jina lisilo letu. Alilisema hilo bila uchungu wa kujionyesha, kama mtu anayetaja umri wa chombo anachokitumia, nami naamini lilichangia sana katika uangalifu wake kuhusu jina na maneno yanayoandikwa juu ya sabuni. Mafuta ya pili yalikuwa ya kokwa za mchikichi, ambayo yanatoa povu jingi na kuifanya sabuni iwe ngumu. Ya tatu ni mafuta ya nyonyo, kidogo tu, ili povu lidumu.

Mimi nilikabidhiwa mizani na hesabu. Kila mafuta yana kiasi chake cha soda: kilo moja ya mawese huhitaji gramu 141 hivi, kilo ya mafuta ya kokwa gramu 176, na kilo ya nyonyo gramu 128. Kwa chungu kimoja tulitumia gramu 1800 za mawese, gramu 900 za mafuta ya kokwa na gramu 300 za nyonyo, na baada ya kupunguza asilimia 5 ya soda ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka na ngozi isikauke, hesabu ilitupa gramu 428. Maziwa yalikuwa gramu 900. Shangazi alitaka namba hizo ziandikwe kwenye daftari kabla ya chombo chochote kuguswa, na alizikagua mwenyewe kwa kalamu nyekundu, jinsi alivyokuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi.

Sufuria za aluminiamu, ambazo ndizo zilizojaa katika kila jiko la Kadutu, hazikuruhusiwa kukaribia kazi hiyo, maana soda huzila na kutoa hewa inayoweza kuwaka. Tulikuwa na beseni moja la inoksi, chuma kisichoshika kutu, na ndoo za plastiki nene. Nilivaa glavu na miwani, nikanyunyiza soda juu ya vipande vya maziwa kidogo kidogo, mlango na madirisha vikiwa wazi. Vipande vile vilianza kung'aa pembezoni, vikalegea, kisha maziwa yakabadilika kutoka weupe hadi rangi ya siagi, na harufu ya amonia ikapanda kwa muda mfupi halafu ikaisha. Kama rangi ilielekea machungwa, shangazi aliniambia nisimame, nami nilisubiri beseni lipoe katika maji ya baridi kabla ya kuongeza. Baadaye mchanganyiko ulimiminwa katika mafuta ya vuguvugu, tukakoroga mpaka ukawa mzito kama uji, hivi kwamba mchirizi ukidondoshwa juu yake alama yake inabaki kuonekana. Hapo ndipo tulipomimina katika masanduku ya mbao yaliyotandikwa karatasi.

Majani yaliingia kwa njia ya mafuta. Shangazi alitumia muravumba, ule mmea wenye majani ya manyoya na harufu kali ambao karibu kila parseli ya Bukavu inao kando ya ua, na ambao mama zetu huutumia wakati wa kikohozi na homa. Aliyakausha majani kivulini, akayaloweka katika mafuta ya kokwa kwa majuma kadhaa, kisha akayachuja. Mara nyingine aliongeza mchaichai. Mubirizi, mmea mwingine wa dawa wenye majani machungu, aliukataa kwa sabuni, ingawa wengi walimshauri, akisema hajaona unafanya nini humo zaidi ya kuchafua rangi.

Baada ya siku moja au mbili sabuni zilikatwa, zikapangwa juu ya mbao chumbani kwa nafasi baina yake, zikakaa majuma manne hadi sita. Katika muda huo maji hutoka, sabuni hupungua uzito na kuwa ngumu, na ukali wake hupungua. Shangazi hakuuza sabuni kabla ya muda huo hata aombwe vipi. Bibi yangu, mama yake, alikuwa akipika sabuni kwa majivu ya maganda ya ndizi, na sabuni ya majivu hubaki laini kwa sababu potasi iliyomo haitoi sabuni ngumu kama soda. Shangazi alikua akiteka sabuni ile kwa kijiko kutoka kwenye kibuyu, na alisema kwamba kusubiri ndiko alikojifunza huko.

Mfanyabiashara alikuja siku ya Jumamosi, alasiri, wakati rafu zote zilikuwa zimejaa sabuni zilizokomaa, zaidi ya mia mbili. Alikuwa mtu wa heshima, aliyevaa vizuri, na alitumwa kwetu na mama mmoja wa parokia. Alivua viatu mlangoni, akasalimia kwa utaratibu, akainusa sabuni moja kwa muda mrefu, akaisifu kwa moyo. Kisha akafungua bahasha na kuweka mezani etiketi za karatasi ya kung'aa. Zilikuwa na picha ya mbuzi mweupe upande mmoja na uso wa mwanamke mweupe mno upande wa pili, na chini yake maandishi yaliyosema kwamba sabuni hii ya maziwa ya mbuzi na majani ya asili inatibu upele, mba na madoa yote, na inang'arisha ngozi kwa muda wa siku saba.

"Mama," alisema, "bila neno la dawa, hii itauzwa kwa bei ya sabuni. Tukiandika dawa, nakupa mara mbili kwa kila kipande, na leo nachukua zote."

Shangazi alimwambia, "Baba, kaa kwanza, chai inakuja." Alipokwisha kumpa kikombe, akaniita. "Mtoto wa ndugu yangu, leta daftari umsomee baba vitu vilivyomo."

Nilisoma polepole: mawese, mafuta ya kokwa, mafuta ya nyonyo, maziwa ya mbuzi, soda, majani ya muravumba yaliyolowekwa katika mafuta. Shangazi akamwuliza ni kipi kati ya hivyo kinachotibu upele. Mgeni alijibu, tena kwa ukweli wa moyo wake, kwamba muravumba ni dawa, na hata yeye mwenyewe alinyweshwa na bibi yake utotoni.

"Ulinyweshwa jani lililochemshwa katika maji," shangazi akasema. "Hili limepita katika soda. Mwambie kinacholipata."

Nikamweleza kadiri nilivyojua: kwamba soda ina ukali wa kugeuza mafuta kuwa kitu kingine kabisa, na haiwezi kupita katika jani bila kulibadilisha; ule ukijani wa majani wenyewe hugeuka kahawia mbele ya macho yetu, na harufu kali iliyokuwamo katika mafuta hubaki kidogo tu; kwamba tena sabuni hukaa juu ya ngozi kwa muda mfupi halafu inasuuzwa na maji. Maziwa nayo niliyazungumzia hivyo hivyo. Mafuta yake yanakuwa sabuni pamoja na mafuta mengine, sukari yake husaidia povu kuwa jingi na laini, na anayeoga huhisi sabuni isiyokwaruza. Hilo ni jambo zuri la kutosha, na mimi mpaka leo naona maziwa ya mbuzi yanadhulumiwa na watu wanaoyapachika miujiza, kwa sababu mnunuzi akikosa muujiza hulaumu pia kile ambacho sabuni ilikifanya vizuri.

Shangazi kisha aliweka kidole juu ya neno la kung'arisha. Hapo sauti yake ilibadilika. Alimsimulia juu ya akina mama aliofundisha nao na wengine aliokuwa akiwaona sokoni Nyawera, waliojichubua kwa miaka mingi kwa sabuni na krimu hata ngozi ya uso ikawa nyembamba, inayoungua jua, huku viungo vya vidole vikibaki vyeusi kuliko vilivyokuwa mwanzo. Baadhi ya sabuni za namna hiyo hutiwa zebaki, sumu inayodhuru figo na mishipa ya fahamu. Tayari mwaka 2013 mataifa yalikuwa yamekubaliana katika Mkataba wa Minamata kwamba vipodozi na sabuni zenye zebaki ziondolewe, na mwaka 2020 uliwekwa kuwa mwisho. Nilimtajia mgeni hilo. Shangazi hakuhitaji mkataba. Alisema, "Msichana atakayenunua kwa sababu ya neno hili, sabuni yangu isipomng'arisha kwa siku saba, atakwenda kutafuta ile inayong'arisha kweli. Mimi ndiye nitakuwa nimemwonyesha njia."

Mgeni alikubali kulifuta neno la kung'arisha na uso wa yule mwanamke, akaomba neno la kutibu libaki. Shangazi akakataa hilo pia. Walizungumza kwa muda mrefu bila kugombana, bei ikipanda kidogo kila mara, na mimi nilijua vizuri kwamba soda ya mwezi uliofuata ilikuwa haijalipwa. Mwishowe mgeni alinunua vipande vichache kwa bei ya sabuni kwa ajili ya nyumba yake, akakusanya etiketi, akaaga kwa adabu ileile aliyoingia nayo.

Jioni hiyohiyo shangazi aliniketisha mezani na karatasi za kahawia za kufungia. Tuliandika kwa mkono, kwenye kila karatasi, jina la sabuni, vitu vyote vilivyomo kuanzia kilicho kingi, soda ikiwemo, uzito wake baada ya kukauka na tarehe iliyomiminwa. Wengine walimshauri baadaye aifiche soda kwa sababu inatisha. Aliiacha. Alisema anayejua kusoma ana haki ya kusoma yote, na aliye na swali atauliza.

Zilichukua muda kuisha. Tuliziuza Nyawera kupitia mama mmoja mwenye meza ya vikwembe, nyingine zikaenda parokiani na kwa wakunga wa kituo kimoja cha uzazi waliotaka sabuni ya kunawia mikono isiyowapasua ngozi. Deni la soda lililipwa kwa kuchelewa. Wanunuzi walirudi na maneno ya kweli, yale ambayo etiketi ya kung'aa isingetuletea: mmoja alisema harufu ya muravumba inamsumbua mtoto wake mchanga, wengine kadhaa walisema taulo nyeupe zinashika rangi ya mawese. Kwa chungu kilichofuata tukaacha muravumba, tukashusha mawese hadi gramu 1500, na gramu 300 zilizopungua tukazijaza kwa mafuta ya alizeti. Hesabu mpya ilitoka gramu 426 za soda, na shangazi akaikagua kwa kalamu nyekundu kabla hajaniruhusu kwenda kuyachukua maziwa kwa jirani.