Nilivyotumia katuni za kompyuta kufundisha chumvi inavyoyeyuka kwenye maji

Huku Lindi chumvi sio kitu kigeni, watoto wengi wameshaona mashamba ya chumvi au wana ndugu anayevuna, lakini muulize wa form three kwanini maji ya chumvi yanapitisha umeme na ya sukari hayapitishi, atakujibu kwa kizungu kilichonyooka kwamba ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, ziko huru kutembea, maksi anapata. Haya sasa mwambie akuchoree hizo ioni ndani ya glasi. Wengi wa kwangu walichora Na (sodiamu) na Cl (klorini) zimeshikana mbilimbili kama wachumba, zinaelea tu, hakuna iliyo huru hapo.

Ndo nikaingia kwenye katuni. Nilianza na PhET, mkusanyiko wa katuni za sayansi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ilianzishwa 2002 na Carl Wieman yule mwanafizikia wa Nobeli, ni za bure na nyingi unadaunilodi faili unaweka kwenye flashi linafunguka kwenye brauza bila bando. Ile ya hali za maada ni nzuri sana, ukiongeza moto chembe zinakimbia ila hazivimbi, maana kuna watoto wanaamini kabisa kwamba atomu ikipata joto inanenepa.

Ya chumvi nikatengeneza mwenyewe kwenye pawapointi, kazi ya jioni moja na kidogo: viduara tu. Cl⁻ nikaifanya kubwa karibu mara mbili ya Na⁺ kwasababu ndivyo zilivyo, halafu molekuli za maji zinakuja zinaigeuzia Na⁺ upande wa oksijeni, kwenye Cl⁻ zinageuza upande wa haidrojeni, zinaing'oa ioni moja moja pembeni ya kipande cha chumvi na kuizunguka. Sauti sikuweka. Zile za mtandaoni zenye muziki na mzungu anayeongea mbio mbio mi naona hasara tupu, mtoto anabaki anaangalia rangi.

Siku ya kipindi projekta ya kuazima, shuka ukutani, khanga madirishani. Sema kabla sijabonyeza chochote kila mtu achore kwanza kwenye daftari anachodhani kitatokea, hii kwangu ndo nusu ya somo, maana asiyechora anaangalia anasema "ah nilikuwa najua". Kisha naonyesha kidogo tu, nasimamisha, nauliza hii moja inaenda wapi, naendelea. Mmoja akaniuliza, "Madam, hapo katikati penye weupe pana nini?" darasa zima likajibu hewa! Nilifurahi ajabu, kwenye ubao lile swali lisingetokea milele. Tukakaa hapo hapo mpaka wakakubali hakuna hewa wala nini, ni nafasi tupu. Na rangi nazo niliwaambia mapema kwamba ioni haina zambarau wala kijani, ni mimi nimepaka ili tuzitofautishe.

Umeme ukakatika, kama kawaida. Wanafunzi simu haziruhusiwi shuleni, kwahiyo nilikuwa nimesharekodi skrini kama video nikairusha kwenye simu za walimu wenzangu, kila kundi simu moja, na kwa kweli kwenye vikundi walibishana zaidi kuliko walipokaa mbele ya shuka.

Baada ya hapo ndo tukafanya kwa vitendo, betri nne za tochi, kitaa chekundu cha LED, na kaboni zilizotolewa kwenye betri kuukuu. Chumvi inawaka, sukari haiwaki, na safari hii waliponieleza walinionyesha kwenye mchoro nani anakimbilia upande gani.

Sasa hivi natengeneza ya elektrolisisi, yaani kuchanganua kwa umeme, ya maji ya chumvi iliyokolea, kazi kubwa ipo kwenye anodi, ile ncha ya chanya, Cl⁻ na OH⁻ (ioni ya maji) zote zinafika pale lakini inayotoka kwa wingi ni klorini, na bado sijapata namna ya kuonyesha elektroni zinapita kwenye waya tu bila mtoto kudhani zinaogelea kwenye maji. Mwenye wazo anitupie.