Kamba ya Puri

Juzi tulimzika jirani yetu. Maiti ilipokuwa inaoshwa uani, harufu ya karafuu maiti ikatufuata hadi barazani. Wenzangu wanavuta uradi, mimi akili imeshapanda treni ya kutoka Bhubaneswar kwenda Puri, kule India. Kwetu harufu hiyo ni ya sanda. Kule Odisha, jimbo la miji hiyo, huwashwa mbele ya miungu, na watu hupunga moto wake kwa viganja na kujipangusa usoni.

Safari yenyewe ilipangwa na mwenzangu wa chumbani kule, mla samaki.

"Bhai, unakaa karibu hivi na Jagannath, na hujamwona?"

Jagannath ni mungu wa Kihindu mwenye hekalu lake Puri. Nikamwambia nimesikia asiye wa dini yao haingii humo.

"Ndiyo maana anatoka yeye," akacheka.

Na kweli hutoka. Hekalu lile la karne ya 12, lililoanzishwa na mfalme Anantavarman Chodaganga, lina mnara wa mita 65 hivi na kibao mlangoni kinachosema wazi nani aingie. Indira Gandhi alizuiwa mwaka 1984, naye ni waziri mkuu, kwa kuwa aliolewa na Mparsi, mtu wa dini ya Uzoroasta. Lakini kila mwaka, mwezi mwandamo ukiwa wa siku mbili katika Ashadha, mwezi wa Kihindu unaoangukia Juni na Julai, Jagannath, kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra hupandishwa kila mmoja kwenye gari lake la mbao, wakaenda kukaa siku chache katika hekalu la Gundicha, umbali wa kilomita 3 hivi. Siku hiyo hakuna wa kukuuliza dini.

Nilitegemea sanamu nzuri kama zile za kwenye kalenda za dukani. Nikaona gogo jeusi lenye macho mawili makubwa ya duara, halina viganja wala miguu. Mwenzangu akaninong'oneza kisa chake: fundi mzee aliyezichonga alitaka mlango usifunguliwe kwa siku 21. Malkia aliposikia kimya chumbani akahofu mzee kafa, mlango ukafunguliwa. Fundi hayupo, kazi haijaisha. Zikaachwa hivyo hivyo. Nimejenga, nawajua mafundi, simlaumu malkia.

Mfalme wa Puri akafagia magari kwa ufagio wenye mpini wa dhahabu, ngazi zikaondolewa, farasi wa mbao wakafungwa mbele. Hapo ndipo nilipokutana na kamba.

Ilikuwa ya usumba, viganja vyangu viwili haviuzunguki unene wake, inanuka makumbi yaliyolowa. Kwa pua tu ningeapa niko Tanga. Gari la Jagannath, lenye magurudumu 16 na vitambaa vyekundu na vya njano, lilikuwa limesimama nyuma yetu, watu wanavuta, halitaki. Matasa yanagongwa juu ya gari. Maji yanarushwa kutupunguzia joto. Umati ukanibeba, kuna wakati sikuwa nakanyaga chini. Bibi mmoja ambaye kichwa chake hakinifiki kwapani akaushika mkono wangu, akaubandika kwenye kamba, akaweka wake juu akabana. Hakuniuliza natoka wapi. Moyoni sauti ikaniambia, wewe mtoto wa chuoni, uliyehitimu msahafu, hapa unafanya nini? Mkono haukutoka. Mpaka leo siwezi kusema kama ni bibi aliyeubana au ni mimi niliyeushikilia. Kisha kamba ikakaza ghafla, nyuzi zikanichoma, mbao zikalia kilio kirefu, na watu wakapiga ukelele niliousikia kifuani kwanza. Gari likasogea hatua kadhaa. Likasimama tena. Bibi akajifuta uso kwa ncha ya sari, akatokomea.

Jioni mwenzangu akanionyesha kaburi kando ya barabara ile ile: la Salabega, mshairi Mwislamu wa karne ya 17, baba yake ofisa wa jeshi la Mughal, dola ya Waislamu iliyotawala India, mama yake Mhindu. Husimuliwa kwamba alichelewa njiani, akaomba asubiriwe, na gari likagoma kwenda mpaka alipofika. Kila mwaka bado husimamishwa hapo kidogo. Nadhani alinipeleka ili nipumue, na nilipumua. Ila Salabega alijua alichokifuata. Mimi nilisukumwa. Au ndivyo ninavyopenda kukumbuka.

Niliporudi likizo nikamsimulia mama, lakini kamba nikairuka, nikaenda moja kwa moja kwa Lakshmi, mke wa Jagannath, anayeachwa hekaluni mume akitembea na ndugu zake. Siku ya tano huwafuata, akavunja kipande cha gari la mumewe, akarudi zake. Mume akirejea hufungiwa mlango mpaka atoe rasagola, yale madonge ya jibini laini yanayoelea ndani ya shira.

Mama akatua kikombe. "Rasagola tu? Hata doti ya kanga hakuleta?"

Habari ya kamba hajawahi kuniuliza, nami sijasema. Lakini dada zangu humsomea kila ninachoandika hapa, kwa hiyo natarajia simu kabla ya Ijumaa.