Programu ya sala kwenye simu na wasomaji wa vigangoni

Katika vigango vyetu vya Chamwino, yaani makanisa madogo ya Kikatoliki yaliyo chini ya parokia, padre hawezi kufika kila Jumapili, hivyo katekista ndiye anayeongoza ibada ya Neno, na wasomaji hujiandaa wenyewe nyumbani. Ugumu wao mkubwa ni kujua siku hiyo Kanisa linasoma nini, kwa kuwa masomo ya Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C, zaburi za Masifu, yaani sala za Kanisa za asubuhi na jioni, kwa majuma manne, huku sherehe na sikukuu zikiingia katikati na kubadili mpango mzima.

Chukua Septemba 14, 2025. Aliyehesabu majuma tu aliandaa Jumapili ya 24 ya Mwaka C, yenye Injili ya mwana mpotevu, kumbe siku hiyo iliangukia Sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, ambayo huchukua nafasi ya Jumapili ya kawaida, na somo la kwanza likawa lile la nyoka wa shaba katika Hesabu 21. Hapo ndipo ninapoithamini iBreviary, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2008 na padre Mwitaliano, Paolo Padrini. Ukiifungua inakupa Masifu na masomo ya tarehe hiyo moja kwa moja, na ukipakua mapema ulipo mtandao, unasali hata kijijini ambako mtandao unasumbua. Mimi huisoma kwa Kiingereza, kisha nafungua kitabu cha Sala ya Kanisa mahali palepale nisali kwa Kiswahili.

Kwenye mimbari, hata hivyo, nashauri kitabu. Mwaka 2012 maaskofu wa New Zealand walielekeza kwamba tableti zisitumike badala ya Misale, kitabu cha sala za Misa, katika liturujia, nami naona walifanya vema, kwa sababu kitabu cha Injili hubebwa kwa maandamano na kubusiwa, kimetengwa kwa kazi hiyo moja, ilhali simu ileile hupokea ujumbe wa mikopo na picha za harusi.

Ninachotamani ni kuona Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, lenye mamlaka juu ya maandiko ya liturujia ya Kiswahili, likiyaweka yote katika programu ya bure inayofanya kazi bila intaneti, ili msomaji wa kigangoni ajiandae tangu Jumatatu kwa maneno yaleyale atakayoyatamka Jumapili.