Nilivyopata upepo unaozifaa tairi zangu

Baiskeli yangu ya milimani niliinunua mtumba pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, saizi 26, tairi za meno zenye upana wa inchi 2.1. Miezi ya mwanzo nilikuwa najaziwa upepo na fundi pancha mmoja, mzee wa Kinyakyusa. Kwake tairi haijajaa mpaka igome kabisa kubonyea kwa dole gumba. Simlaumu. Wateja wake wengi wanabeba viazi na mkaa, na baiskeli ya mzigo isiposhiba upepo inakula tyubu.

Mimi sina gunia. Nina kilo 74, na Jumamosi zangu naziishia kwenye vijia vya miteremko ya Loleza, huko kwenye mikaratusi, mawe na mizizi. Wakati wa kushuka baiskeli ilikuwa inarukaruka kama mbuzi, viganja vinakufa ganzi. Siku moja kwenye kona ya changarawe gurudumu la mbele likateleza, nikatua kwa kiwiko. Nikalaumu breki, nikalaumu shokapu. Nilipoazima pampu yenye geji ndipo nikaona: PSI 55 (PSI ndicho kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi), mbele na nyuma! Tairi ngumu kiasi hicho ikikutana na jiwe inadunda tu. Iliyolegea kidogo inabonyea, inalikumbatia, na hapo ndipo inaposhika.

Basi nikajiona mjanja. Ubavuni mwa tairi pameandikwa 25 hadi 60, mimi nikashusha mpaka 20. Kilomita ya kwanza ilikuwa raha tupu, kama nimekalia godoro. Kisha likaja jiwe lenye pembe, nikasikia "ko!" ya rimu, na muda si muda tairi ya nyuma imelala.

Nikaisukuma hadi kwa mzee. Akaizamisha tyubu kwenye beseni, mapovu yakatoka sehemu mbili zilizokaa sambamba, kama nyoka amepitisha meno.

"Mwanangu, huu si mwiba," akasema. "Mwiba hutoboa tundu moja. Hapa tyubu imebanwa kati ya rimu na jiwe. Upepo ulikuwa kiasi gani?"

Nikamwambia, kwa aibu. Akacheka mpaka gundi ikamkaukia kidoleni.

Nikanunua geji yangu mwenyewe. Ya rafiki yangu inapishana na yangu kwa PSI 3, kwa hiyo sihangaiki ipi inasema kweli. Natumia hiyo hiyo moja siku zote. Halafu nikachagua kipande cha njia chenye kona mbili, mizizi na ngazi ya mawe, nikawa nakirudia. Nilianza na 38, nikawa natoa 2 kila mzunguko na kuandika kwenye daftari. Kwenye 34 viganja vikaacha kufa ganzi. Kwenye 30 kona zikawa tamu, ila nyuma rimu iligonga mara moja. Nyuma ndiko uzito wangu mwingi unakokaa, kwa hiyo nikairudisha 32. Mbele nikashuka hadi 29, haikugonga. Hapo nikaacha kupekua.

Mvua zikianza natoa 2 pande zote, maana udongo mwekundu ukilowa ni sabuni. Nikiwa na safari ya lami hadi Uyole napandisha 45, kwani tairi laini kwenye lami inamaliza miguu bure. Na baridi yetu ya Julai nayo ina mambo yake: tairi niliyoijaza mchana wa jua, alfajiri naikuta imepungua PSI 1 au 2 bila pancha yoyote. Siku hizi napima asubuhi, kabla tu ya kutoka.

Mwezi uliopita mpwa wangu aliiazima. Akarudi analalamika, "Mjomba, hii baiskeli inanirusha." Nilitaka kumbishia, daftari lilikuwa pale pale mezani. Kisha nikakumbuka kwamba ana kilo 52. Tukatoa 3 mbele na 3 nyuma, akapanda tena kwenda Loleza, na mpaka sasa baiskeli ya Jumamosi naigombania naye.