Kocha mpya katikati ya msimu: nimwambie nini Ami?

Timu ya mpira ya mtaa wetu inafungwa, na Ami, mwenyekiti wetu, anataka kocha atimuliwe. Kabla sijamjibu, nianzie mbali kidogo. Wikendi ya kwanza ya Juni 2022, timu mbili za besiboli zilizokuwa taabani zilikutana Philadelphia. Wenyeji, Phillies, walikuwa wamempiga kalamu meneja wao, Joe Girardi, Ijumaa ileile ya mechi ya kwanza. Walikuwa wameshinda mechi 22 na kupoteza 29, ilhali kikosi chao kilikuwa cha gharama kubwa. Wageni, Los Angeles Angels, walikuja wakiwa wamepoteza mechi nane mfululizo.

Phillies walishinda zote tatu. Ijumaa ilikuwa 10-0. Jumapili ndiyo iliyonitia wazimu. Angels walikuwa mbele 6-2 mechi ikielekea mwisho, vituo vyote vitatu vimejaa wakimbiaji wa Phillies, Bryce Harper akaupiga mpira ukavuka ukuta. Pointi nne kwa pigo moja, yake na za wale wakimbiaji watatu, 6-6. Angels wakaongeza moja. Awamu ya tisa, ya mwisho, kijana Bryson Stott naye akapiga wake ukavuka, wakaingia watu watatu, mchezo ukaisha 9-7.

Siku mbili baadaye Angels nao wakamfuta kazi meneja wao, Joe Maddon. Huyu si mtu wa kubahatisha. Ndiye aliyewapa Chicago Cubs ubingwa wa 2016 baada ya miaka 108 ya kungoja. Girardi vilevile alikuwa bingwa na Yankees mwaka 2009. Basi ndani ya siku tano mabingwa wawili walikuwa nyumbani, na timu mbili zilikuwa na makaimu.

Phillies wakafika fainali za World Series mwaka uleule. Angels walimaliza na ushindi 73 na vipigo 89.

Dawa moja, tarehe karibu moja, na mgonjwa mmoja akasimama huku mwingine akazidi kulala. Tangu hapo nimekuwa nikilifikiria jambo hili, na msimu huu limekuja mpaka mlangoni kwangu. Nitafika huko.

Mimi ni mwokaji mikate hapa Majengo, Mombasa, na kazi ya boflo ni ya usiku. Mechi za saa moja jioni kule mashariki ya Marekani, kwetu ni saa nane za usiku, wakati Ulaya hakuna soka inayochezwa. Ndivyo nilivyoanza kuisikiliza besiboli kwa simu, kwanza bila kuelewa kitu, halafu nikawa siwezi kukanda unga bila hiyo sauti ya mtangazaji.

Kwa asiyeujua mchezo: kila timu hucheza mechi 162 kwa kiasi cha miezi sita, karibu kila siku. Meneja ndiye kocha. Yeye hupanga orodha ya wapigaji tisa, huamua mrushaji amechoka na atoke lini, nani apumzishwe leo, nani aaminiwe mechi ikiwa ngumu. Hasajili wachezaji, hiyo ni kazi ya mwingine aliye ofisini. Wala hana ule uwezo wa kocha wa soka wa kugeuza mfumo mzima wakati wa mapumziko. Mpigaji akishasimama mbele ya mrushaji, ni wao wawili tu. Na hata bingwa hupoteza sana: Dodgers waliotwaa ubingwa 2024 walifungwa mara 64 katika msimu wa kawaida. Kwa hiyo timu nzuri kabisa inaweza kupita majuma mawili matatu mabaya bila ya mtu yeyote kuwa na kosa.

Sasa, Phillies walibadilisha nini? Aliyechukua nafasi alikuwa Rob Thomson, msaidizi wa Girardi, mtu waliyefanya kazi pamoja tangu walipokuwa Yankees. Hakuja na falsafa mpya. Alikuwa mpole, vijana walimzoea, na akampa Stott nafasi ya kucheza kila siku badala ya kuingia na kutoka. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba mwishoni mwa Juni Harper alivunjika kidole gumba, akakaa nje miezi miwili, na timu haikuanguka. Chini ya Thomson walishinda 65 na kupoteza 46.

Lakini hesabu hiyo ina watu wengine ndani yake ambao hawatajwi. Tarehe 2 Agosti ofisi ya Phillies ilimleta mrushaji David Robertson kutoka Chicago, na siku hiyohiyo ikawachukua Brandon Marsh na Noah Syndergaard. Kutoka wapi? Kutoka kwa Angels! Timu moja iliyobadilisha meneja ilikuwa inanunua, nyingine inauza. Zaidi ya hapo, 2022 ndio mwaka ligi ilipoongeza nafasi za mchujo wa kuwania ubingwa zikawa 12. Phillies waliingia kwa nafasi ya mwisho kabisa ya upande wao, na ushindi wao 87. Kwa sheria ya mwaka uliotangulia wangemaliza msimu Oktoba wakiwa vitini mwao, na leo hakuna ambaye angemtaja Thomson kama mkombozi.

Angels nao, siku waliyomfuta Maddon, walipoteza. Kesho yake wakapoteza tena, mara ya 14 mfululizo. Waliukata mkosi siku Shohei Ohtani aliporusha yeye mwenyewe na kupiga mpira wa kuvuka ukuta yeye mwenyewe. Yule kaimu ndiye aliyempanga, sawa, lakini nani asingempanga Ohtani?

Haya nayaleta kwa sababu timu ya mtaa wetu iko nafasi ya tatu kutoka mkiani, na kamati inataka kumtoa kocha. Mimi ni mweka hazina. Mwenyekiti ni mzee ambaye sote tunamwita Ami, mtu wa mpira tangu enzi za Feisal, ile Feisal ya hapa Mombasa iliyochukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965. Ukimsikiliza Ami akizungumza mpira lazima uweke heshima.

Tulipofungwa juzi Tononoka, bao moja bila, alinivuta kando.

"Kijana wangu, wachezaji kumi na wanane huwezi kuwafukuza. Kocha ni mmoja."

"Ami, hiyo inatuonyesha lililo rahisi. Haituonyeshi litakaloleta pointi."

"Na tukikaa kimya, tukashuka daraja?"

Hapo sikuwa na jibu la haraka, na ndiyo sababu naandika.

Kuna jambo la wakati ambalo watu wengi hawalipimi. Kocha hatimuliwi timu ikiwa katika hali yake ya kawaida. Hutimuliwa ikiwa chini kabisa. Na timu iliyo chini ya kiwango chake halisi, mara nyingi hupanda yenyewe, kwa sababu mpira uliokuwa ukigonga mwamba sasa unaingia, na aliyekuwa na homa amepona. Yeyote atakayekuwa ameketi kwenye benchi siku hiyo ndiye atakayebebwa mabegani. Mchumi mmoja Mholanzi, Bas ter Weel, aliichunguza ligi ya soka ya kwao kuanzia 1986 hadi 2004. Alizilinganisha timu zilizomtimua kocha na timu zilizokuwa na matokeo mabaya ya namna hiyohiyo ambazo hazikumtimua. Zote zilipanda, na kumtimua kocha hakukuonekana kuongeza kitu. Mashabiki wa Bandari wanaokaa jukwaani Mbaraki wangefaa kusomewa hilo kila mwaka.

Na kama kiwango halisi cha timu ni cha chini, kocha mpya atazama vilevile. Chicago White Sox walimfuta meneja wao Agosti 2024 wakiwa na ushindi 28 na vipigo 89. Aliyekuja akashinda 13, akapoteza 32. Walimaliza na vipigo 121. Tanuri likiwa halijashika moto, umlete mwokaji gani, mkate utatoka mbichi.

Hata hivyo siwezi kumwambia Ami kwamba kocha mpya hafai kamwe, kwa sababu kuna Jack McKeon. Mei 2003, Florida Marlins wameshinda 16 na kupoteza 22, wakamwita mzee huyu wa miaka 72 aliyekuwa nyumbani amestaafu. Akashinda 75, akapoteza 49, halafu Oktoba akawapiga Yankees na kutwaa ubingwa. Hilo halielezeki kwa bahati peke yake. Mzee alikuwa mkali kwa waliozembea na alijua kumwachia mpira mrushaji kijana mwenye kifua, Josh Beckett, katika mechi ya mwisho ya fainali. Lakini hata hapo, siku chache kabla ya yeye kuingia walikuwa wamempandisha mrushaji Dontrelle Willis, na Juni wakampandisha Miguel Cabrera, mwenye miaka 20, ambaye mechi yake ya kwanza tu aliimaliza kwa pigo la kuvuka ukuta. Damu mpya na kocha mpya viliingia kwa mlango mmoja.

Nikiziweka pamoja Phillies na Marlins, naona kitu kimoja ambacho Angels na White Sox hawakuwa nacho. Wachezaji wazuri walikuwa tayari wamo ndani, wengine vijana, wakingoja mtu wa kuwaamini. Kocha mpya aliwafungulia. Hakuwaumba.

Basi tuitazame timu yetu. Mshambulizi wetu tegemeo yuko Qatar, amepata kazi ya ulinzi, Mungu ambariki. Beki wa kati ana goti tangu mwanzo wa msimu na amekuwa akicheza nalo hivyohivyo, akifungwa bendeji na mama yake. Karibu mechi zote tulizofungwa, tumefungwa kwa bao moja. Hiyo kwangu ni timu ya katikati ya jedwali iliyokosa mtu wa kufunga, na kocha si yeye aliyempeleka mtu Qatar.

Ila kuna upande ambao naukubali kwa Ami, na nitausema mbele ya kocha mwenyewe. Tuna vijana wawili wa mwaka huu, mmoja winga wa kushoto na mmoja kiungo, ambao wakiingia dakika za mwisho uwanja mzima unaamka. Kocha hawaanzishi. Anasema bado wachanga. Msaidizi wake hukaa nao baada ya mazoezi, anawasahihisha miguu, wanamsikiza. Nikimwona yule winga namkumbuka Stott kabla ya Juni, mchezaji anayepewa siku moja, anakosea, anarudishwa benchi siku ya pili.

Halafu sisi hatuna mechi 162. Zimebaki saba. Ule uvumilivu wa besiboli, wa kungoja mambo yajirekebishe, una nafasi ya kutosha kule, kwetu hauna. Hili ndilo linalonisumbua zaidi, na sijaona takwimu ya Marekani wala Uholanzi ya kuliondoa.

Kwa hiyo hivi ndivyo nitakavyosimama kikaoni. Kocha abaki, lakini kamati imwambie waziwazi kwamba vijana wale wawili waanze. Wenzangu wanaomtaja kocha wa nje, yule anayetaka alipwe kwanza ndipo aje, naomba wanijibu swali moja: Jumatatu atafanya nini uwanjani ambacho hakikufanywa Ijumaa? Nikishatajiwa jambo, jambo lenyewe, nitatoa cheki bila kinyongo. Nisipotajiwa, pesa hizohizo zinatosha kumpeleka beki wetu kwa daktari wa mifupa akatibiwe goti kama mtu, na zitabaki za kumtafuta mshambulizi dirisha likifunguliwa. Phillies hawakumbadilisha meneja tu wakakaa. Walinunua.

Na kura zikinishinda, basi kazi apewe yule msaidizi wake. Anawajua watoto, na watoto wanamjua.

Lipo ombi jingine, na hili nalitoa kwa moyo wote. Aprili 1988 Baltimore Orioles walimfuta meneja wao, Cal Ripken Sr., baada ya mechi sita tu, zote wamefungwa. Wanawe wawili, Cal Jr. na Billy, walikuwa wachezaji wa timu hiyo na walibaki kucheza chini ya mtu mwingine. Aliyeletwa, Frank Robinson, alipoteza 15 za kwanza. Ishirini na moja jumla kabla ya ushindi wa kwanza, na msimu ukaisha kwa vipigo 107. Orioles hawakumtimua Robinson. Walisajili vijana, wakawapa nafasi, na mwaka 1989 walishinda 87, wakapigania ubingwa wa kundi lao mpaka wikendi ya mwisho, Robinson akachaguliwa meneja bora wa mwaka. Na kwenye kituo cha tatu, akiwaelekeza wakimbiaji nani aende nani asimame, alikuwa Ripken Sr., waliyemrudisha kazini.

Mtoto wa kocha wetu anacheza namba mbili. Ami, ikifika huko, baba yake aambiwe ana kwa ana, kwake nyumbani, kabla kijana hajalisoma kwenye kikundi cha WhatsApp. Na aulizwe kama msimu ujao atakubali kutufundishia wale wa chini ya miaka 15.